Awamu ya Pili

Bomba limekomea kwa Muhenna.
Kutoka pale hadi mlango wetu ni hatua mia na arobaini.
Nimezihesabu mara mbili, ya pili nikiwa na viatu vya mume wangu,
nisije nikaambiwa hatua zangu ni za kike.

Mwisho wake wameuziba kwa kofia ya plastiki,
wakafukia, wakachomeka kijiti chenye kitambaa chekundu.
Mhandisi, kijana mpole anayeitwa Nabhan,
alinikunjulia ramani juu ya boneti ya gari:
mstari mzima ni fedha iliyokwishatoka,
wa nukta nukta ni awamu ya pili.
Sisi tumo kwenye nukta.
Nikamuuliza, nukta zinaogewa vipi?
Akacheka, akanywa kahawa yangu mara tatu,
akatikisa kikombe, akaondoka.

Kijiji hiki, nyuma ya milima ya Ibra, maji yana nasaba.
Falaji ilichimbwa kabla ya babu wa babu wa yeyote,
na kila nusu saa ya mkondo ina mwenyewe,
fulani bin fulani, daftarini kwa wakili.
Sisi tulirudi mwaka wa sabini na mbili
na masanduku mawili, Kiswahili chetu,
na mbuzi ya nazi isiyo na nazi ya kukuna.
Damu ni yetu, walisema, ila daftari limejaa.
Baba akawa ananunua maji mnadani, Ijumaa baada ya sala,
kisha anasimama gizani na koleo
akingoja nyota ya mwenzake izame
ndipo afungue ya kwake.

Kwa hiyo redio iliposema serikali imetenga fedha,
mabomba mawili kila nyumba,
la kuleta na la kuondoa,
nilikaa kitako.
Bomba halimuulizi mtu jina la babu yake.
Milioni walizozitaja sikuweza kuzipanga kichwani;
ninazozijua mimi ni riyali kumi na tano,
za lori la njano linalofyonza shimo letu.
Lori la buluu huleta maji ya kunywa.
Lila na fila havitangamani,
lakini njia yetu nyembamba: hupishana vioo vikigusana,
na Shafikul wa lori la njano
anajua nyumba ipi ina wageni
kabla wageni hawajasalimiwa.

Idi ya juzi lori halikuja.
Siku nne. Wajukuu kumi na mmoja.
Mama akafukiza ubani hadi macho yakatuwasha,
na shimo likatafuta njia yake lenyewe,
chini, taratibu, penye mteremko.

Wakili alikuja na fimbo yake na watu watatu.
Maji ya zamu ya Jumatatu yananuka, alisema.
Akafungua daftari lile lile, akalowesha kidole,
akaandika jina la marehemu baba yangu,
jina kamili mpaka kabila,
kwenye safu ya malalamiko.

Miaka hamsini tumeomba mstari mmodi mle.
Uchafu wetu umeupata kwa siku nne,
bila mnada.

Barua iliyokwenda Maskati ilitiwa saini na watu arobaini,
wa kwanza wakiwa wenye maji yao.
Majibu yalikuja, muhuri safi:
imepokelewa, itazingatiwa, bajeti ya mwaka ujao.
Nimeiweka chini ya kopo la sukari.

Kitambaa cha kijiti kimepauka kikawa cheupe,
nikaogopa mtu asidhani tumesalimu amri.
Nikakata pindo la kanga yangu kuukuu,
ile ambayo jina lake limebaki neno moja,
UTANIJUA,
nikalifunga fundo mbili.

Jana Nabhan kapita na kipimo chake cha miguu mitatu.
Akaliona. Kiswahili hakisomi.
Akauliza limeandikwaje.
Nikamwambia: hiyo ni anwani.